Udongo wa Paa la Bi Shaikha

Ngwali bin Said hajui kukaa kitako. Mkewe, Tumu, husema ameolewa na mgongo wa mtu, kwa sababu uso wa mumewe huuona wakati wa kula tu, na hata hapo kwa bahati. Tangu Ngwali astaafu kazi ya kutengeneza mifereji ya falaji, ile inayoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka kwenye mashamba ya mitende, nyumba yao pale Ibra haijapata raha. Bomba lisilovuja hufunguliwa likafungwa tena. Mlango usiolia hutiwa mafuta. Mtu wa miaka sitini na saba, magoti yameshaanza kumgomea, na bado kila baada ya sala ya alfajiri huvitafuta viatu vyake kana kwamba kuna aliyemwita.

Tangu moto ule, lakini, hata Tumu ameacha kumtania. Sasa Ngwali ana pa kwenda, na pa kwenda penyewe ni kwenye magofu.

Hara yao, mtaa wa kale wa nyumba za udongo ulioegemea mashamba, iliungua mwezi wa Juni miaka mitatu nyuma, wakati wa kuvuna tende, siku ambayo upepo wa gharbi ulikuwa ukivuma wa moto kutoka jangwani. Kuna mtu alichoma makuti makavu shambani. Nani, haijulikani mpaka leo, na wanaojua wamemeza maneno yao. Cheche ziliruka ukuta zikatua juu ya mapaa. Nyumba za kale za kule zimeezekwa kwa vigogo vya mitende, juu yake mikeka ya makuti, na juu kabisa udongo mwingi uliokanyagwa ukashikana. Vigogo vile vimekauka tangu enzi za mababu, na moto haukuvibembeleza. Ilipoadhiniwa alasiri, nyumba arubaini na moja zilikuwa hazina mapaa, na msikiti mkuu vilevile. Watu wote walitoka, isipokuwa Bi Shaikha, bibi wa miaka themanini, aliyetolewa nje na binti yake kisha akarudi ndani kuchukua msala wake. Moshi ulimmaliza kabla ya moto kumfika. Walimtoa na msala kifuani, wakamzika jioni ileile, na binti yake, Fawziya, mwalimu wa skuli, hajalitazama jiko la mkaa likiwaka tangu siku hiyo.

Kujenga kulianza mwaka uliofuata. Vijana walioko Maskati walichanga, serikali ikatia mkono, na nyumba moja baada ya nyingine ikasimama tena. Matingatinga yalizoa vifusi vyote yakavimwaga wadini, kwenye bonde la mto mkavu, na mafuriko ya mwaka ule yakavipeleka yanakokujua. Gofu moja tu lilibaki kama lilivyoanguka, la Bi Shaikha, kwa sababu Fawziya alisimama mlangoni mbele ya tingatinga akasema hapiti mtu. Msikiti uliachwa mwisho kabisa, kama nyama inavyoachwa mwisho kwenye sahani ya mtoto mjanja.

Hapo ndipo Ngwali alipojitia kitanzini kwa ulimi wake mwenyewe. Walikuwa wamekutana kwenye sabla, baraza la wanaume wa hara, na Saud, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akatoa habari kwamba kontrakta yuko tayari kupaka simenti ukuta wa kibla, mihrabu na birika la udhu, ili msikiti ufunguliwe siku ya kwanza ya Ramadhani. Kuta nyingine zingepakwa udongo na majani kama zamani. Ngwali aliinuka. Alisema simenti huuziba udongo pumzi, unyevu hubaki ndani, na baada ya miaka kumi ukuta huanguka ukiwa umevaa koti zuri. Alisema msikiti ule ulijengwa kwa sarooj, yaani udongo wa kuchomwa na kusagwa, ambao ukichanganywa na maji hushika ukawa jiwe, na kwa sarooj utajengwa tena. Wakamuuliza ataifanya nani, maana mafundi wa sarooj wote wako makaburini. Akajibu kwamba ataifanya yeye. Saud alimpa mpaka siku kumi kabla ya Ramadhani, na akamwambia kwa adabu kwamba siku hiyo ikipita, mifuko ya simenti itafunguliwa.

Watu walidhani ni ukaidi wa mzee asiye na kazi. Tumu peke yake ndiye aliyejua kilichomsukuma. Mwaka wa sabini na tatu, Ngwali aliingia hara ile na mama yake wakitoka Unguja, ana miaka kumi na mitano, Kiarabu chake cha kusomea msahafu tu, na watoto wa pale wakimwita Mzinjibari wakicheka anavyosema. Mwezi mzima hakuwa na mtu. Kisha Musallam, fundi wa sarooj aliyekuwa akitengeneza msikiti uleule, alimtia fimbo mkononi akamwonyesha rundo la udongo uliochomwa, kwamba piga. Alipiga mpaka viganja vikatoa malengelenge, vikapasuka, vikawa vigumu. Kazi ilipokwisha, imamu aliwasimamisha waliopiga fimbo safu ya kwanza, na yeye akiwemo. Tangu siku ile hakuitwa tena Mzinjibari, aliitwa Ngwali. Sasa hara ilikuwa inajengwa upya, na alihofu kwamba msikiti ukisimama kwa simenti, kila mtu atakuwa amerudi mahali pake ila yeye. Hofu hiyo ilimkaa kifuani, ikamnyima usingizi na ikamnyima utulivu.

Mwezi wa Rajabu akaanza. Alifinyanga udongo mikate mikubwa akaianika juani. Kwa sababu watu wa hara walikuwa hawataki kuona moto, alikwenda mbali wadini, mwendo wa saa nzima kwa miguu, akapanga vigogo vya mitende. Na hapa, jamani, mtu alisalitiwa na damu yake. Baba yake Ngwali alikuwa mchoma chokaa Unguja, na jambo la kwanza alilojifunza mwanawe duniani ni kupanga tanuu: magogo kwa duara, safu juu ya safu, marefu kuliko mtu, mpaka moto uwe mweupe katikati, maana jiwe la chokaa haliivi kwa mzaha. Mikono ya Ngwali ilipanga tanuu ya baba yake huku kichwa kikidhani kinapanga rundo la Musallam, la chini, la moto wa mchana mmoja. Moto uliwaka siku nne. Moshi wake ulipanda ukaonekana mpaka hara, na wanawake wakatoka nje wakiwa wamebeba watoto. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Fawziya aliwatoa wanafunzi wote darasani akawapanga uwanjani kwenye jua, na mkuu wa skuli alipomwambia kwamba ni moto wa Ngwali tu, alikaa chini mchangani akalia mbele ya watoto.

Sarooj yenyewe ilitoka nyekundu nzuri ya kung'aa. Ngwali aliiponda, akaichunga, akaikoroga na maji, akapaka kipande cha ukuta nyuma ya msikiti, akangoja. Siku ya tatu alipitisha ukucha na yote ikamwagika chini kama unga wa muhogo.

Alirudi nyumbani, ukucha bado mwekundu kwa vumbi. Tumu alikuwa akimimina mkate chunguni, na hakugeuka.

"Bwana Ngwali," alisema, "uliionja?"

"Nilikuwa nimefunga."

Tumu aliweka upawa chini. Musallam, Mungu amrehemu, alikuwa na kipimo kimoja tu, na hara nzima iliwahi kukisikia: chukua dongo lililotoka motoni ulibandike kwenye ulimi. Likishika, li hai. Lisiposhika, moto umepita kiasi na dongo limekufa, hata rangi yake ingekuwa ya kupendeza vipi. Na Ngwali, mfungaji wa sunna za Rajabu, alikuwa ameogopa kuharibu saumu yake, akaamini macho.

"Basi umechoma chokaa ya babako," Tumu alimwambia. "Hukuchoma sarooj ya Musallam."

Ngwali alikwenda kwa Saud kuomba achome tena, rundo dogo, moto mpole. Saud aliitisha watu sabla. Fawziya hakuingia, wanawake hawaingii, lakini alisimama mlangoni mpaka wanaume wakanyamaza, na maneno yake aliyasema kwa Ngwali kwa Kiswahili, kile cha nyumbani kwao, maana nao asili yao Unguja, ili wasiohusika wasijibu.

"Ami, mimi sikatazi msikiti. Nakataza moto. Wallah, mkiwasha tena, mimi nahama hapa na watoto wangu."

Ngwali aliwatafsiria wengine. Saud alifunga mazungumzo. Zilibaki siku ishirini kabla ya siku aliyoiweka Saud, na bila moto hakuna sarooj, na bila sarooj kuna simenti. Kontrakta alileta mifuko yake akaipanga uani pa msikiti chini ya turubali, na Ngwali kila akipita aliitazama kama mwanamke anavyomtazama mkewenza aliyeletwa kabla yeye hajaachwa.

Siku zile alikuwa hatazamiki. Aliondoka asubuhi, akarudi, akaondoka tena kabla chai haijapoa. Alizunguka hara kichochoro kwa kichochoro, akigonga kuta mpya kwa kifundo cha kidole kama daktari. Mwanzoni mwa Shaabani ilinyesha mvua ya baridi, siku mbili, kisha jua likatoka. Siku ya nne baada ya mvua, anapita mbele ya gofu la Bi Shaikha, aligonga mguu kwenye jiwe kizingitini akaanguka juu ya goti lake bovu. Alitukana, akamwomba Mungu msamaha, akainama kuliondoa lile jiwe lisije likamwangusha mwingine.

Halikuwa jiwe. Kizingiti kile amekipita kila siku miaka mitatu, na hapakuwa na jiwe. Palikuwa na vumbi jekundu lililomwagika kutoka ndani, ambalo watu wamelikanyaga na mbuzi wamelilalia mpaka likawa unga, na sasa mvua imeligandisha. Ngwali alitoa funguo mfukoni akalikwaruza. Funguo ziliteleza. Aliingia ndani ya gofu, kwa mara ya kwanza, akaokota dongo kwenye udongo wa paa ulioanguka pamoja na vigogo vyake, akalifuta kwa kanzu, akalibandika kwenye ulimi. Likashika. Ilibidi alibandue kwa vidole viwili.

Alisimama pale dongo mkononi, na mambo yakajipanga yenyewe kichwani. Vigogo vya mitende chini, udongo juu, moto wa mchana mmoja uliojiwakia ukajizimia bila mtu kuuongezea kuni. Ndiyo rundo la Musallam lenyewe. Paa la nyumba ile lilikuwa limeiva sarooj, la kutosha ukuta wa kibla na mihrabu na birika, na lilikuwa limelala pale miaka mitatu likingoja fimbo na maji. Ngwali alifurahi mpaka akacheka peke yake. Kisha akakumbuka amesimama wapi, akaona haya kwa kucheka.

Alasiri walikwenda kwa Fawziya, yeye na Tumu, na Tumu amebeba mkate wa kumimina uliofunikwa kwa kitambaa. Fawziya aliwapokea kwa shikamoo zote mbili, akaleta tende, akawamiminia kahawa. Wakazungumza habari za skuli, za mvua, za tende za mwaka jana zilizoingia wadudu. Ngwali aliinuka akatazama dirisha, akakaa, akainuka tena akatazama picha ukutani.

"Ami, kaa," alisema Fawziya. "Unanitia wasiwasi."

Basi akasema akiwa amesimama, maana asingeweza vinginevyo. Alisema hahitaji moto tena. Alisema udongo umekwisha kuchomwa, na ulipo. Akatoa lile dongo mfukoni akaliweka juu ya meza, kando ya bakuli la tende.

Fawziya alilitazama. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo na kali. Aliuliza kama nyumba ya mama yake ndiyo imekuwa kifusi cha kukandikia watu kuta zao. Aliuliza kama kuna siku watamwachia hata kitu kimoja. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Ngwali hakuwa na la kufanya na mikono yake. Tumu alimshika mkono akamtoa. Mkate waliuacha, na dongo pia, kwa sababu Ngwali hakuthubutu kulichukua.

Njiani Tumu alisema asimlaumu mtoto wa watu. Ngwali alisema hamlaumu, anajilaumu mwenyewe, na kwamba kesho asubuhi atamwambia Saud afungue mifuko. Mtu akisema neno kama hilo husimama kidogo. Yeye aliendelea kutembea, akampita mkewe, akafika nyumbani peke yake.

Asubuhi, akiwa njiani kwenda kwa Saud, alimkuta Fawziya kwenye kizingiti cha gofu, amevaa abaya yake ya kazini na mkoba wa madaftari begani. Lile dongo alikuwa nalo mkononi.

"Limeshika," alisema. "Kwenye ulimi. Nimejaribu."

Ngwali aliitikia kwa kichwa.

"Itapakwa wapi, ami?"

"Ukuta wa kibla. Na mihrabu."

Fawziya aligeuka akatazama ndani, pale ambapo palikuwa na sebule na sasa pana mbingu. "Mama hakuwahi kuingia msikiti ule," alisema. "Miaka arubaini akipanda juu ya paa hili, anatandika msala, anamfuata imamu kwa sauti. Msala ule ndio aliourudia siku ile." Alimtia Ngwali dongo mkononi. "Na udongo uende, basi. Ila hapana tingatinga. Kwa mikono."

Ngwali alikuwa analia, mzee mzima, kichochoroni, saa moja na nusu ya asubuhi, na wauza mboga wanapita.

Wakaubeba kwa mikono. Siku ya kwanza walikuwa watano, ya pili walikuwa thelathini. Udongo wa paa ulitengwa na mkaa na vipande vya vigogo, kila bonge likapita ulimini mwa Ngwali, mpaka ulimi ukamchubuka akawa anakula uji tu, na Tumu akasema afadhali, angalau sasa anakaa mezani. Fimbo zilikatwa mashambani. Wanaume walijipanga mistari miwili wakapiga, huku mstari mmoja ukipiga na mwingine ukivuta pumzi, na wazee waliodhani wamesahau wimbo wa kupigia waliukumbuka mikono ilipopata mwendo. Wanawake walichunga uani kwa Fawziya, na Fawziya alichunga nao kila akitoka skuli, nyusi nyekundu kwa vumbi. Ngwali alikuwa kila mahali, akimnyang'anya huyu fimbo, akimrudishia, akichungulia maji, akigombana na jua. Siku kumi kabla ya Ramadhani Saud alikuja na funguo za gari lake akakwaruza ukuta wa kibla chini, pembeni, mahali palipopakwa kwanza. Alikwaruza tena kwa nguvu zaidi. Kisha alimwita kontrakta akamwambia apakie mifuko yake.

Siku ya kwanza ya Ramadhani watu walianza kufika saa sita kwa sala ya adhuhuri, midomo mikavu, kanzu mpya. Kuta zilinukia udongo na ubani. Ngwali alikuwa mlangoni tangu saa nne, akipanga viatu vya watu ambavyo havikuhitaji kupangwa. Alimwona Fawziya akija kutoka upande wa gofu, peke yake, na wanaume wakimpisha bila kuelewa kwa nini. Alimwamkia Ngwali, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini. Ngwali aliingia, akazungumza na imamu, na imamu akawatoa nje wote waliokwisha kukaa safu ya kwanza.

Fawziya alivua viatu akaingia. Kwa uwazi wa mlango alionekana akivuka msikiti mtupu, akafika kwenye mihrabu, akaweka kiganja cha mkono juu ya ukuta, kisha paji la uso. Msala aliouchukua chini ya abaya ulikuwa umeungua pembe moja. Aliutandika.

Mwadhini alitazama saa yake, akamtazama imamu, naye imamu akatazama mitende. Wanaume mia na kitu walisimama juani na saumu zao. Ngwali bin Said alikaa kitako kwenye kizingiti, mgongo ukutani, mikono magotini, wala hakugeuka kuchungulia. Adhuhuri ya siku ile ilichelewa dakika kumi na tano, na mpaka leo hakuna aliyeuliza kwa nini.